Kura na Kula

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefika kazini nimelowa chapachapa. Dereva wa bodaboda alikataa kusimama kituo cha mafuta, akasema mvua hii ni ya kupita tu. Haikupita. Nimekaa na soksi mbichi mpaka mchana, hasira zimenipanda, sikumsalimia mtu vizuri.

Kazi ile ile. Vyombo kumi na viwili, kila kimoja kinaenea juu ya meza ya chakula. Vitapelekwa mbali, kwenye jiwe moja la angani, vilizunguke na kulipima. Huko hakuna mtu. Amri ikitoka duniani itachelewa mno kufika, kwa hiyo vinajiamulia vyenyewe. Vinachagua kiongozi kwa kura. Kiongozi anawapangia wenzake njia za kupita. Akinyamaza, inaitishwa kura nyingine. Sheria kubwa ni moja: wasiwepo viongozi wawili kwa wakati mmoja. Wakiwa wawili, kila mmoja atapanga njia zake bila kujua za mwenzake, na vyombo vitagongana.

Wanaovitengeneza wako Ulaya. Sisi hapa Kabalagala, Kampala, ghorofani juu ya baa ya nguruwe, kazi yetu ni kuthibitisha kwamba sheria hiyo haivunjiki. Tunaandika mfano wa tabia za vyombo kwenye kompyuta. Halafu programu tunayoiita Mkaguzi inapita kila njia ambayo vyombo vinaweza kufuata, hata zile za kijinga. Ikikuta njia mbaya, inatuonyesha hatua kwa hatua.

Ijumaa ya wiki ijayo natakiwa kusaini. Mimi, si Daktari Nalubega, mkubwa wetu. Jina langu ndilo litakaa chini ya neno "imehakikiwa". Mara ya kwanza. Tukishindwa, uhakiki wote unapelekwa kwa wenzao wa huko huko, na sisi tutabaki watu wa kubonyeza vitufe vya wengine. Nataka kusaini. Nataka sana, sina haja ya kujificha humu.

Jumanne, 9 Septemba

Ssalongo amemaliza sehemu yake ya mfano. Waganda humwita hivyo baba wa mapacha, na yeye anao, ndiyo maana hakuna anayekumbuka jina lake la kweli. Anaandika haraka kuliko sisi wote na anajua hivyo.

Leo amenitania tena kuhusu Kiswahili. Ati lugha ya wanajeshi na wezi. Mimi nimezaliwa kambi ya jeshi, baba Mwacholi, jirani Mlugbara, jirani mwingine Mteso, tungeongea nini? Ananiita afande. Simjibu siku hizi.

Majina ya hali za vyombo tumeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu nyaraka za Ulaya zilitumia namba tupu na kila mtu alizichanganya. Daktari alisema tutumie lugha ambayo si ya mtu hapa, tusigombane. Ssalongo Mganda, mimi wa kaskazini, mwenzetu Furaha wa Bukavu, Kongo. Basi chombo kikiwa kazini kipo LINDA. Kikipiga kura kipo KURA. Betri ikishuka, kinageuza mabawa kwenye jua na kujizima kijichaji, na hiyo tumeiita KULA. Furaha ndiye aliyechagua. Alisema jua ndilo chakula chao.

Kesho tunamwachia Mkaguzi.

Jumatano, 10 Septemba

Viongozi wawili.

Mkaguzi hakuchukua hata asubuhi nzima. Nilikuwa nakula rolex yangu mezani, chapati iliyoviringishwa na mayai, nikaona skrini imegeuka nyekundu.

Wawili. Siku zimebaki chache na sheria kubwa imevunjika.

Daktari amefunga mlango wa ofisi yake. Si dalili nzuri.

Alhamisi, 11 Septemba

Kutwa nzima tunasoma hatua za Mkaguzi. Chombo cha nne kinafanya hivi, cha tisa kinafanya vile. Macho yanauma. Umeme umekatika mara mbili na jenereta ya baa inatutetemeshea sakafu. Ssalongo anasema Mkaguzi ameharibika. Mkaguzi hajaharibika. Nimemwambia hivyo kwa sauti ambayo Daktari ameisikia kupitia ukuta.

Naogopa. Nimeota nimeitwa mbele na karatasi haina jina langu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimecheka mpaka nimelia.

Furaha alichoka kusoma kimya, akaanza kusoma hatua kwa sauti kana kwamba anasimulia watoto. Akafika kwenye chombo cha tisa, akaweka kidole kwenye mstari. Halafu: "Da Akello, huyu iko nakula, benzake banapiga kura."

Tukatazama. Kweli. Chombo kiko katikati ya kura, mara kimeenda kula, kimezimika, kimeamka, kimepiga kura upya. Nikafungua mstari aliouandika Ssalongo. Mahali pa KURA pameandikwa KULA.

Nikamuuliza aliandika nini pale. Akasema, "Niliandika kula." Nikamwambia ndiyo, ndiyo shida. Akasema, "Si ndiyo, kula. Kula ya kuchagua." Furaha akashika tumbo. Kwa Ssalongo, L na R ni ndugu wa tumbo moja, zinavaliana nguo. Na kwa kuwa maneno yote mawili yapo kwenye mfano wetu, kompyuta haikuona kosa lolote. Herufi moja tu, na chombo kimeacha kura kikaenda kula.

Watu wa Ulaya wasingeweza kufanya kosa hili hata wakilipwa.

Tumerekebisha. Mkaguzi amepita kila njia, skrini kijani. Daktari ametoka ofisini akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Ssalongo ametununulia soda, amenuna kidogo. Nitasaini.

Jumapili, 14 Septemba

Nateete, kwa baba. Ibada, kisha samaki. Sikusikia mahubiri.

Kuna kitu kinanitekenya tangu jana. Kosa la Ssalongo lilikiruhusu chombo kuacha kura katikati kiende kula. Tumelifuta kosa. Lakini nani alisema chombo hakiwezi? Sisi ndio tulioandika kwamba kura inaisha kwanza. Vyombo vyenyewe vimekatazwa wapi?

Nikafungua nyaraka kwenye simu, mezani, baba ananitazama vibaya. Nimesoma sehemu ya betri yote. Hakuna katazo. Kuna sentensi moja tu: upigaji kura ni mfupi, kwa hiyo betri haitegemewi kushuka katikati yake. Haitegemewi! Na chini yake: chombo kikijizima kuchaji, kumbukumbu yake ya kazi inafutwa. Yaani kikiamka hakikumbuki kama kilishapiga kura.

Nimemweleza baba kwa lugha nyepesi. Yeye ni mwanajeshi wa miaka mingi, akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza wakubwa wamesemaje. Nikasema wamesema nisaini. Akasema, "Basi saini, mwanangu. Amri ni amri." Nimemaliza samaki wangu. Nampenda baba lakini leo hajanisaidia.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemwandikia Tobias, mhandisi mkuu wa vyombo, huko Ulaya. Nimemuuliza wazi: nini kinakizuia chombo kwenda kula katikati ya kura?

Amejibu upesi. Kwa heshima, ile heshima ya kumfunga mtu mdomo. Kwamba betri haishuki kwa muda mfupi hivyo. Kwamba kosa lilikuwa la tahajia na tumelirekebisha, hongera. Kwamba anasubiri saini yangu Ijumaa.

Tahajia. Nimelisoma neno hilo nikatamani kutupa kompyuta dirishani, iangukie nguruwe.

Daktari ameniita. Ameniambia taratibu, si kwa ukali, ingekuwa afadhali kwa ukali. Akello, una ushahidi au una wasiwasi? Nimesema wasiwasi. Akasema kwa wasiwasi mtupu mtu hasaini wala hakatai kusaini. Nilete ushahidi kabla ya Ijumaa au nisaini. Ni haki. Nimeudhika na ni haki.

Jumanne, 16 Septemba

Sina ushahidi. Nimepiga hesabu ya betri kwa kila namna. Tobias yuko sahihi: kura ni fupi, betri haishuki haraka hivyo. Nimezunguka mle mle siku nzima kama kuku aliyefungwa mguu.

Ssalongo amesema, "Afande, hiyo mashine iko sawa. Tumalize, twende." Nimemjibu vibaya. Baadaye nimemwomba radhi, nusu.

Furaha amesema kesho tucheze kundi. Ndiyo desturi yetu tukikwama: tunatoka uani, kila mtu anakuwa chombo. Nimesema sina muda wa michezo. Amesema ameshaagiza karanga sokoni Kikuubo kwa shangazi yake.

Jumatano, 17 Septemba

Niandike hili polepole nisiharibu.

Tulikuwa pungufu, tukawaomba wapishi wa baa waje. Tangi la maji ndilo jiwe la angani. Jua lilikuwa kali, na kivuli cha tangi kimelala uani cheusi kabisa. Karanga ndizo betri. Ukiwa juani unachukua karanga, ukiwa kivulini unarudisha. Zikikuishia, nenda ukae juani, funga macho, jaza mkono, ukifungua macho umesahau kila kitu. Kiongozi alikuwa Ssalongo, nani mwingine. Alipita na kutoa amri kama mkuu wa mkoa, akisindikizwa na wapishi wawili, wakizunguka tangi.

Wakaingia upande wa pili, kivulini. Ssalongo akaacha kusikika. Sisi wa upande huu tukangoja. Kwa sheria, kiongozi akinyamaza tunaitisha kura. Nikaitisha; Furaha, aliyesimama upande wa kule wa tangi, naye akaitisha yake.

Hapo hapo wapishi wawili wakatokea kwenye kivuli, mikono mitupu. Mmoja akampa Furaha kura yake, akaketi juani, akafumba macho. Mwenzake vile vile. Wakala karanga, kweli walizila, hilo halikuwa kwenye sheria. Wakafumbua macho. Nikawaomba kura. Wakanipa.

Nikasimama pale na karanga mkononi.

Tobias alihesabu betri iliyojaa mwanzoni mwa kura. Lakini kura haiitishwi wakati wowote ule. Inaitishwa kiongozi akinyamaza. Na kiongozi ananyamaza akiwa nyuma ya jiwe, na nyuma ya jiwe ni kivuli, na waliomfuata kivulini ndio wale wale wenye njaa. Kivuli kinachoitisha kura ndicho kivuli kinachomaliza betri. Kura fupi, ndiyo, lakini inaanza tumbo likiwa tupu!

Nilipiga kelele. Wapishi wakadhani nimeumwa na nyuki. Furaha alikuwa ameshaelewa, alikuwa ananitazama na kucheka. Ssalongo akatokea nyuma ya tangi akiuliza mbona amepinduliwa.

Furaha alikuwa kiongozi upande ule. Mimi upande huu. Wawili.

Alhamisi, 18 Septemba

Kazi, kazi, kazi. Tumeingiza jua na kivuli kwenye mfano. Kivuli kinasogea, betri inashuka kivulini, kura inaitishwa kimya kikizidi. KURA na KULA zote mbili zimeandikwa sawasawa, Furaha amezikagua kila mstari, na Ssalongo amekubali kukaa mbali na kibodi, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Mkaguzi akaanza. Nikashindwa kukaa. Nikashuka kununua maji ambayo sikuwa na kiu nayo. Niliporudi, Ssalongo alikuwa amesimama mbele ya skrini, mikono kichwani. Nyekundu.

Sijawahi kufurahia rangi nyekundu namna hii. Njia fupi, safi, bila kosa la tahajia. Kivuli, kimya, kura, kula, kusahau, kura. Viongozi wawili.

Nimemtumia Tobias. Nimeandika mistari michache tu. Nilikuwa na mingine mirefu zaidi, Daktari ameifuta. Amesema ushahidi hauhitaji matusi. Halafu ameniambia, "Kazi nzuri, nnyabo," yaani bibi kwa Kiganda. Kutoka kwake hiyo ni sherehe nzima.

Ijumaa, 19 Septemba

Siku ya kusaini. Nimevaa gauni la kanisani, sijui kwa nini.

Tumekaa sote mbele ya skrini. Tobias alitokea akiwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri. Nilijiandaa kugombana. Nilikuwa na maneno yangu yamepangwa. Akasema amesoma. Akasema haamini, lakini wana vyombo halisi kwenye meza ya majaribio, na vitatu vinatosha kuiga kundi lote, vingine vinaigizwa na kompyuta. Atatuonyesha sasa hivi kwamba betri inahimili.

Wakaondoa taa inayowakilisha jua. Wakangoja. Wakamnyamazisha kiongozi. Kura ikaitishwa. Chombo kimoja kikazima katikati. Wakakirudishia taa, nikamsikia Ssalongo akinong'ona, "Anakula." Kikaamka. Kikapiga kura tena.

Kwenye ukuta nyuma ya Tobias kulikuwa na taa za viongozi. Ikawaka ya kwanza. Ikawaka ya pili.

Kule wakazikodolea macho. Huku kwetu Furaha ameanza kupiga vigelegele, vya Kikongo, virefu, wapishi wa chini wakaitikia bila kujua sababu. Ssalongo ameninyanyua juu na gauni la kanisani. Mimi nimelia, sijali.

Tobias akasubiri tutulie. Akasema alikosea. Akasema hivyo wazi, mbele ya wakubwa wake, na hapo nilimsamehe ile tahajia. Vyombo haviondoki mpaka kasoro hii itibiwe, na uhakiki wa dawa yenyewe unabaki Kampala. Kwetu. Halafu akauliza tuliligunduaje. Ssalongo akajisogeza mbele ya kamera, akajitengeneza kola, akasema, "Ni kosa langu." Kwa fahari. Hajawahi mtu kukiri kosa kwa fahari namna ile. Akamweleza kura na kula. Tobias akajaribu kuyatamka. Yote mawili yalitoka neno moja.

Sijasaini. Nimekuja nyumbani bila kusaini na nimetembea kama niliyevishwa nishani.

Jumanne, 23 Septemba

Dawa si rahisi. Ulaya walileta yao: aliyekula asipige kura mpaka duru nyingine. Mkaguzi ameikataa. Wenye njaa wakiwa wengi, kura hazitoshi, na kundi linakaa bila kiongozi milele. Tobias amecheka mwenyewe alipoona.

Furaha amependekeza: chombo kiandike kura yake mahali pasipofutika kabla ya kuitoa. Kikiamka kisome kwanza. Rahisi mpaka inaudhi. Tumeiandika pamoja, mimi, yeye, na Ssalongo akitamka kila neno kwa sauti, "ku-rrra", akitutemea mate.

Mkaguzi anapita njia zote sasa, na za kivuli, na za njaa. Ni nyingi kuliko mara ya kwanza. Itachukua siku. Ssalongo amewaomba watu wa baa wasizime jenereta hata umeme ukirudi.

Jana nimempigia baba, nikamweleza kwamba sikutii amri. Akauliza kama vyombo vingegongana. Nikasema vingegongana. Akasema atawaambia wenzake kanisani, na nimsaidie jina la ile kazi yangu kwa Kiswahili, kwa sababu kila mara anasema kompyuta tu. Nimemwambia uhakiki. Amelirudia mara kadhaa.

Ijumaa, 26 Septemba

Kijani. Njia zote.

Mchana Tobias ametuonyesha chombo kile kile, kwenye meza ile ile, na dawa yetu ndani. Taa imeondolewa. Kiongozi amenyamazishwa. Kikapiga kura, kikazima, taa ikarudishwa. Tumesubiri. Chini walikuwa wanakata nyama, panga likisikika kwenye gogo.

Kikaamka. Wengine wakakiomba kura. Hakikutoa. Kilisoma kilichoandika, kikajibu kwamba kimeshapiga, kikarudi kazini.

Hakuna aliyeshangilia leo. Furaha alinishika mkono chini ya meza. Daktari akanisogezea karatasi na kalamu, akatoka nje kupokea simu ambayo sikuisikia ikilia.

Nimeandika jina langu lote, la kwangu na la baba. Nimekaa nikilitazama mpaka wino ukakauka.